Taa ya Probox inatoka jasho kwa ndani, nimeziba mara tatu bado. Maji yanapitia wapi?

#1 Kuchele
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota Probox ya 2005, nakaa Shangani hapa Mtwara, na wiki haipiti bila kwenda Lindi na kurudi mara mbili, mara nyingi usiku. Tangu mvua zianze Desemba, taa ya mbele ya kushoto inatoka jasho kwa ndani. Asubuhi nikifunua turubai nakuta kioo kama mfuniko wa sufuria ya wali: matone yamejipanga juu, mengine yameteremka, na chini kabisa, usawa wa indiketa, yametuama maji kama nusu kijiko cha chai. Nikikanyaga breki yanacheza.

Fundi wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka kioo. Ikakaa siku nne. Akarudia. Fundi wa pili akapaka juu ya ile ya kwanza. Elfu 45 imekwenda na taa imeota mdomo mweupe. Sasa rifleta, ule mng'aro wa ndani unaorudisha mwanga mbele, imeanza madoa, mwanga umefifia, na juzi nikikaribia Mnazi Mmoja nimemwona mtu wa baiskeli nikiwa nimeshamfikia. Alikuwa amebeba mtoto mbele. Hilo ndilo lililonileta hapa. Sitaki kununua taa nyingine kabla sijajua maji yanapitia wapi, maana nayo itajaa.

#2 Mtoto wa Mtama
Picha mkuu. Mbele na nyuma ya taa.

#3 Fundi Umeme Chikongola
Pole sana. Tutenganishe kwanza, kuna ukungu na kuna maji, na kila kimoja kina dawa yake.

Taa ya gari haikufungwa kama chupa ya soda. Inapumua. Ukiwasha, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka na kutafuta pa kutokea. Ukizima inapoa, inasinyaa, inavuta hewa ya nje. Ndiyo maana nyuma ya taa nyingi za Toyota kuna vimpira vidogo, vingine vimepinda kama kiwiko, vingine ni kifuniko chenye sponji. Hiyo ndiyo pua ya taa. Ukungu mwembamba unaoondoka taa ikiwaka nusu saa ni hewa tu, usihangaike nao. Matone na maji yaliyotuama, hapo kuna tundu. Wewe una tundu. Angalia nyuma, vimpira vyako vipo?

#4 Kuchele
Nimeshuka na tochi ya simu sasa hivi, picha nimeweka. Kipo kimoja juu na kimoja chini. Vyote viwili vimejazwa silikoni. Fundi wa kwanza aliniambia ndiyo njia ya maji.

#5 Fundi Umeme Chikongola
Basi taa imezibwa pua. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Na ikipoa inanyonya kwa nguvu kupitia ufa wowote uliobaki, pamoja na tone la mvua lililoning'inia hapo. Toa silikoni yote kwenye vimpira kwa kijiti cha meno. Usitumie pini, utatoboa mpira.

#6 Jirani wa Mikindani
Nawaheshimu mafundi, ila mnamwacha mkosaji mwenyewe, hewa yetu. Nimekaa Masasi miaka mitatu na Carina, sijaona hata ukungu. Nimehamia Mikindani, nyumba inaitazama ghuba, wiki ya pili taa zote mbili zikaanza kulia. Hakuna aliyezigusa. Gari ile ile, taa zile zile. Huku ukianika shati usiku, asubuhi lina maji kuliko ulipolianika. Hewa hiyo ndiyo taa inayoivuta kila ikizimwa, halafu kioo kikipigwa na baridi ya alfajiri inageuka matone. Kuchele anakaa Shangani, bahari hiyo hapo. Afanye nini zaidi?

#7 Mama Noah Kilwa
Kaka Jirani, mimi niko Kilwa Masoko, bahari naisikia nikiwa kitandani, na taa za Noah yangu kavu kabisa. Zililowa mara moja tu, na najua siku yenyewe. Niliwapa vijana gari waoshe kwa mashine ya presha, kijana akasogeza bomba karibu kabisa na kona ya taa, pale kioo kinapokutana na plastiki, akawa anatafuta vumbi la Nangurukuru. Gari limetoka safarini, taa bado za moto, na maji yale ya baridi. Kesho yake nusu ya kioo ukungu. Tangu hapo taa naosha mwenyewe kwa kitambaa na ndoo. Kuchele, unaosha wapi?

#8 Kuchele
Kwa vijana wa mashine, dada. Kila Jumamosi.

#9 Ubao na Chaki
Niruhusuni niweke hesabu, nafundisha fizikia Nachingwea na jambo hili linanigusa kwa sababu wanafunzi wangu wanatembea barabarani usiku.

Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba gramu 30 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 20 inaweza kubeba 17 tu, zinazobaki zinageuka matone. Kweli kabisa, ndugu Jirani. Lakini taa ya Probox ina nafasi ya lita ngapi ndani? Tuipe 5. Hewa ya lita 5 ikiwa imeshiba ina gramu 0.15 za maji. Kuchele ana nusu kijiko cha chai, gramu 2.5. Hata ungekamua hewa yote mara kumi na sita usingefika. Na taa haibadilishi hewa yote kwa pumzi moja. Ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 25 inavuta kama sehemu moja ya kumi tu, nusu lita, yaani gramu 0.015. Ni pumzi zaidi ya 160. Maji yale yameingia yakiwa maji.

#10 Jirani wa Mikindani
Asante mwalimu, na nimekuelewa vizuri. Sasa tuhesabu wote. Kuanzia Desemba ni zaidi ya siku 60. Gari la mtu wa kazi linawashwa na kuzimwa mara tatu, nne kwa siku. 160 umezipata kabla ya mwezi wa pili. Na Kuchele taa imezibwa pua, kilichoingia hakitoki. Hesabu yako inanibeba mimi.

#11 Mtoto wa Mtama
Mwalimu amerudishiwa daftari 😂 Jirani huyu asogezewe kiti cha mbele.

#12 Ubao na Chaki
Inambeba iwapo kila pumzi inaacha maji na haichukui kitu. Mchana taa ikipata jua la Mtwara, maji yanakuwa mvuke tena na mengine hutoka. Ila hoja ya pua kuzibwa ni nzito, nakubali. Nitairudia kesho na darasa.

#13 Babu Landrover
Nawasoma wajukuu. Tulipokuwa tunaendesha Landrover 109 kwenda Newala, barabara ya mchanga, taa ilikuwa kipande kimoja cha kioo, duara, inchi 7. Haikujua ukungu. Ukivuka mto maji yakafika kwenye bampa, unatoka ng'ambo na taa inawaka. Ikiungua unatoa skrubu tatu unaweka nyingine. Hizi za plastiki zimeletwa kwa ajili ya urembo.

#14 Fundi Umeme Chikongola
Shikamoo mzee. Ni kweli, taa zile zilifungwa kabisa, waya wa ndani umo humo humo kwenye kioo, kwa hiyo taa nzima ndiyo balbu. Lakini jiwe moja likipasua kioo, hewa inaingia na waya unaungua hapo hapo, unabaki na jicho moja porini. Na mwanga wake ulikuwa hafifu kuliko globu ya H4 ya sasa.

#15 Babu Landrover
Marahaba. Hilo la jiwe limenikuta, mbele ya Kitangari. Sikatai.

#16 Mnyonge wa Nanyamba
Hakuna aliyeuliza: Kuchele, umebadili globu? Maana naona picha ya pili mwanga mweupe. Globu ya H4 ya kawaida ni wati 60 kwa ful na 55 kwa dimu, na sehemu kubwa ya hizo wati inatoka kama joto kwenda mbele kwenye kioo. Joto hilo ndilo linalokausha taa kila usiku. Ukiweka LED, kioo kinabaki baridi, ukungu unakaa mpaka asubuhi. Mimi niliweka LED kwenye Raum, ukungu ukaanza. Nikarudisha globu ya zamani, ukaisha.

#17 Dereva Bajaji Ligula
LED haina joto mkuu.

#18 Mnyonge wa Nanyamba
Inalo. Shika kitako chake baada ya dakika tano utaniambia. Ila joto lake linarudi nyuma kwenye feni, haliendi kwenye kioo.

#19 Kuchele
Niliweka LED Oktoba. Na sasa mmenikumbusha kitu. Kitako chake ni kinene, ule mpira mweusi wa nyuma unaofunika globu ulikataa kuvaa. Kijana aliyefunga akaukata kwa kisu ili feni ipite. Nilimwona, nikadhani ni kawaida.

#20 Fundi Umeme Chikongola
Mpira wa nyuma ukikatwa maji yote yanayorushwa na tairi yana mlango. Wengi wanaangalia kioo cha mbele, na maji yameingilia mgongoni. Nunua mpira mzima. Ukisukuma na kidole pande zote usione mwanya, umekaa.

#21 Mama Noah Kilwa
Yaani tuna pua iliyozibwa, mashine ya presha, LED, mpira uliokatwa na bahari. Kuchele, una kesi tano.

#22 Masasi Newala Ruti
Mnazunguka sana. Chukua biti ya milimita 3, toboa tundu mahali pa chini kabisa pa taa. Maji yakiingia yatoke. Nimefanya kwenye gari mbili za abiria, sasa mwaka wa pili.

#23 Nahodha wa Somanga
Mkuu, tundu hilo mimi nilikuwa nalo. Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, tulikaa pale na magari mengine. Njia ilipopitika bado kulikuwa na madimbwi, na maji yakaja kutokea chini. Tundu halijui kwamba limewekwa kwa ajili ya kutolea. Nilifika nyumbani taa zimejaa mpaka robo, maji ya tope, na tope lilipokauka likaacha utando kwenye rifleta ambao mpaka leo haujatoka. Mwenye ruti ya Masasi hakuti maji ya namna hiyo. Sisi wa bondeni usitutobolee.

#24 Masasi Newala Ruti
Pole kaka. Basi kwa ruti yangu inafaa, kwako isifae. Sifuti.

#25 Saluni ya Magari Lindi
Nataka niseme kuhusu ile silikoni, maana inaniuma nikiona gari linaletwa limepakwa. Kuchele, ilipopakwa ilinukia kama siki?

#26 Kuchele
Ndiyo! Gari zima siku mbili.

#27 Saluni ya Magari Lindi
Hiyo ni ya madirisha na masinki. Ikikauka inatoa asidi ya siki, na mvuke wake ukinaswa ndani ya taa unakula ule mng'aro wa rifleta. Mng'aro wenyewe ni utando mwembamba mno wa alumini uliopuliziwa juu ya plastiki, ukiufuta kwa kidole tu unaondoka. Madoa yako yawezekana ni siki, wala si maji. Na jambo la pili, hakuna gundi mpya inayoshika vizuri juu ya silikoni kuukuu. Ndiyo maana hata ya tatu haikudumu. Lazima uikwangue yote, ufute kwa spiriti, ndipo uanze.

Dawa ya kweli ni kufungua kioo. Taa nyingi za Kijapani zimegundishwa kwa gundi nyeusi isiyokauka milele, ukiipasha moto inalegea. Unatoa balbu zote, mipira yote na skrubu, unaiweka taa kwenye oveni nyuzi 100, dakika saba mpaka kumi, juu ya ubao, isiguse chuma. Unaitoa ukiwa na glavu, unaanza kona moja na bisibisi bapa. Gundi inavutika kama ulimbo, nyuzi nyuzi nyeusi mpaka kwenye mkono. Hapo huna haraka. Ukivuta kwa nguvu masikio ya kioo yanakatika, nimeyakata mawili nikiwa najifunza. Ukishasafisha mfereji unalaza gundi mpya ya kamba, unarudisha oveni, unabana, basi.

#28 Dereva Bajaji Ligula
Oveni ya mikate ya mke wangu? Nitalala nje.

#29 Saluni ya Magari Lindi
Tumia mashine ya hewa ya moto, hata draya ya saluni inafika ukiwa na subira, unakwenda kipande kwa kipande. Lakini si kwa moto wa mkaa. Nimeletewa taa iliyookwa juu ya jiko, kioo kimejikunja kama chapati.

#30 Korosho Daraja la Kwanza
Mimi nilikata shauri, malipo ya mnada wa korosho yalipoingia nikanunua taa mpya mbili za boksi, bei ndogo, si zile za mtumba wa Japani. Mwezi mmoja, ukungu. Kioo chepesi, vimpira vya nyuma havina hata sponji. Nimezitoa, nimerudisha za zamani. Kuchele, ukinunua nunua ya mtumba halisi, na uikague kwa maji dukani kabla hujatoa pesa.

#31 Mtoto wa Mtama
Malipo yameshaingia kumbe! Sisi kwetu bado tunaambiwa kesho. Chama gani chako?

#32 Korosho Daraja la Kwanza
Njoo inbox, tusiharibu uzi wa mwenzetu.

#33 Ubao na Chaki
Kuchele, kabla ya kufungua chochote fanya jaribio. Toa taa, rudisha balbu na mpira, ziba vimpira vyote kwa kidole isipokuwa kimoja, chomeka bomba dogo kwenye hicho, izamishe kwenye beseni, mtu apulize taratibu kwa mdomo. Usitumie kompresa, utafumua kioo. Mapovu yatakuonyesha.

#34 Kuchele
Wakuu, nimefanya leo Jumapili. Naandika kwa kirefu maana mmenipa muda wenu.

Nimeazima mpira mzima wa nyuma kwa jirani mwenye Probox nyingine. Nimekwangua silikoni saa mbili nzima. Chini ya ule mdomo mweupe, kona ya juu karibu na boneti, nimekuta gundi nyeusi ya kiwandani ni nzima kabisa, haijawahi kuachia. Fundi alipaka mahali ambapo hapakuwa na shida.

Kisha beseni. Binti yangu alishika simu ya kurekodi, mwanangu akapuliza. Kioo kuzunguka, hakuna kitu. Nyuma kwenye mpira, hakuna kitu. Nikataka kukata tamaa. Nikaigeuza taa juu chini, na pale kwenye sikio la kufungia, lile la upande wa grili, ukatoka uzi mmoja wa mapovu madogo kama ya samaki aliyelala. Nimefuta, nimewasha tochi: ufa mwembamba kama unywele, umetoka kwenye sikio na kuingia mwilini mwa taa, urefu wa ukucha. Bampa upande huo ilishawahi kupigwa rangi kabla sijanunua gari.

Nimekausha kwa draya, nimeuparura ufa kwa msasa, nimepaka gundi ya kuchanganya ya plastiki. Mpira mpya nimeagiza. LED nimetoa, nimerudisha globu.

#35 Fundi Umeme Chikongola
Safi sana. Ajali ndogo ya zamani. Taa inavunjika sikio, bampa linarudishwa, hakuna anayeangalia ndani. Bado nasema mpira uliokatwa ulichangia zaidi. Ufa wa unywele hauleti nusu kijiko.

#36 Ubao na Chaki
Unaleta, kama tone linakaa juu yake na taa inapoa ikiwa imezibwa pua. Inalinyonya.

#37 Mnyonge wa Nanyamba
Na globu je? Amebadili vitu vitatu siku moja. Ikikauka hatutajua ni kipi.

#38 Mwera wa Ruangwa
Samahani kuchomekea. Taa ya nyuma ya Noah yangu haina ukungu, lakini buti linalowa chini ya kapeti kila mvua. Inahusiana?

#39 Saluni ya Magari Lindi
Inahusiana. Nyuma ya taa hiyo kuna gasketi ya sponji, ikizeeka inabonyea na maji yanapita kati ya taa na bodi. Fungua nati, angalia kama kuna mstari wa kutu au vumbi lililoshuka. Badili gasketi, usipake silikoni ya siki kwenye bati. Na ukague soketi, ukiona kijani kwenye shaba isafishe kabla indiketa haijakufa.

#40 Kuchele
Mrejesho, siku tisa baadaye. Juzi mvua imenipiga kutoka Mikindani mpaka Lindi mjini bila kupumzika. Nimelala Lindi, asubuhi nimeshuka kabla ya chai kuitazama. Kushoto: hakuna tone hata moja, isipokuwa ukungu kona ya juu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Lakini kulia, ambayo haijawahi kuguswa wala kupakwa chochote, nayo ina kiganja hicho hicho, mahali hapo hapo.

#41 Jirani wa Mikindani
Nasema nini mimi tangu #6?

#42 Fundi Umeme Chikongola
Huo ndio ukungu wa #3, Jirani. Washa nusu saa.

#43 Kuchele
Niliwasha natoka Lindi. Wa kulia uliisha kabla ya Mnazi Mmoja. Wa kushoto nilipofika Mikindani ulikuwa bado upo kidogo, kama alama ya kidole.

#44 Saluni ya Magari Lindi
Pita hapa Alhamisi ukija. Tuifungue.